Kiti Umeshapewa, Unalipia Kuwahi Nini?

Jirani yangu mmoja hapa Mwanga, Kigoma, mama mtu mzima, ana binti anayeishi Marekani. Mwaka huu binti akamkatia tiketi ya kwenda kumwona mjukuu. Tiketi ilipoingia kwenye simu, mama akavuka barabara na simu mkononi, miwani imeshuka hadi puani, akaniomba nimsomee mstari kwa mstari. Safari yote ya kutoka Dar es Salaam haikuwa na utata. Utata ulikuwa kwenye kipande cha mwisho, ndege ya ndani kwa ndani huko huko Marekani. Chini ya nauli kulikuwa na kisanduku kidogo kinachouliza kama abiria angependa kuongeza pesa ili apande ndege mapema. Na namba ya kiti ilikuwa imeshaandikwa juu yake, 21E.

Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Mwanangu, kiti si wameshanipa? Sasa hiyo pesa nyingine ni ya kuwahi nini?"

Nilidhani nitamjibu palepale. Nikafungua mdomo, nikaona sina jibu. Mtu aliyekua na treni ya Reli ya Kati anajua vizuri kuwahi ni nini: unawahi kiti. Ukishakuwa nacho hakuna tena cha kukimbilia, waweza kuingia wa mwisho ukakikuta kinakusubiri. Swali lake lilikuwa la haki kabisa, na kulijibu kulinibidi nirudi nyuma sana, hadi stesheni yetu wenyewe.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Wengi wetu wa ukanda huu tulijifunzia ndani ya mabehewa yake sheria za kushikiana nafasi. Nilipokuwa mdogo, tiketi ya daraja la tatu ilikupa haki ya kuingia behewani. Kiti ulikitafuta mwenyewe. Treni ikisogea tu, vijana wanarukia madirishani, mizigo inapitishwa juu ya vichwa, na anayetangulia anatandika alichonacho: kanga, koti, kikapu, hata ndala moja. Kanga iliyotandikwa kwenye kiti ilikuwa inasema bila kufungua mdomo kwamba hapa pana mtu. Na watu waliiheshimu, lakini kwa kiasi, na hicho kiasi ndicho ninachotaka tukitazame.

Safari moja mama yangu alitandika kanga ikafunika nafasi mbili. Moja ilikuwa yetu, mimi nikipakatwa. Ya pili ilikuwa ya shangazi. Lakini shangazi hakuwapo Kigoma, alikuwa anatungoja Kazuramimba, mbele huko njia ya Uvinza. Behewa likajaa mpaka watu wakawa wanasimama mguu mmoja mmoja. Akaja bwana mmoja na dumu la mawese, akasimama mbele ya ile kanga.

"Dada, hapa pana mtu?"

"Pana mtu."

"Yuko wapi?"

"Anapandia Kazuramimba."

Mzee aliyekaa dirishani, hata sauti hakuipandisha, akasema, "Binti yangu, asiyekuwepo na lake halipo. Huyu naye kakata tiketi." Mama alinyamaza. Nilimwangalia usoni nikadhani utazuka ugomvi. Akaivuta kanga taratibu, akaikunja mara mbili, kisha mara nne, akaiweka mapajani karibu na kichwa changu. Bado nakumbuka harufu yake ya moshi na sabuni. "Kaa, kaka yangu," akasema. "Lakini Kazuramimba kina mwenyewe." Yule bwana akakaa, dumu katikati ya miguu. Tulipofika Kazuramimba, shangazi hajamaliza hata kupandisha mizigo, bwana alikuwa ameshasimama.

Nimelirudia tukio lile kichwani mara nyingi. Kwa nafasi yetu, mama alikuwa na haki, kwa kuwa tulikuwepo na tulikuwa tumelipa. Kwa nafasi ya shangazi alikuwa na ombi tu. Ombi la namna hiyo lina nguvu pale waliopo wanapolikubali. Wakilikataa, huna pa kulishtaki. Yule bwana naye hakudai kwamba kanga ni takataka ya kusukumwa pembeni. Aliuliza kwanza. Na mzee hakumpa mmoja ushindi akamwacha mwingine na aibu. Kiti kikatumika muda wote, na shangazi akakaa. Nauli yao wote ilikuwa ya daraja lile lile, na hilo ndilo lililorahisisha mambo.

Sasa chukua behewa lile, uanze kuuza haki ya kuingia kabla ya wengine. Bwana wa mawese amelipa ziada, shangazi hakulipa, na kanga iko pale pale. Je, mzee wa dirishani angesema nini?

Hilo halikuwa swali la kufikirika kwa abiria wa Southwest. Ni shirika la Marekani lililoanza kurusha ndege mwaka 1971, mwanzoni kati ya miji mitatu ya Texas: Dallas, Houston na San Antonio. Kwa zaidi ya miaka 50 abiria wake hawakupangiwa viti. Unaingia, unakaa unapopapenda kati ya vilivyobaki, kama behewa letu. Sababu yake ilikuwa ya kibiashara. Mwaka 1972 shirika lilikuwa na ndege nne, likabanwa na madeni, likauza moja, kisha likataka kuendelea na ratiba ile ile kwa ndege tatu. Njia pekee ilikuwa ndege ikitua ishushe, ipakie na kuondoka ndani ya dakika 10 hivi. Abiria asiye na namba ya kiti hapotezi muda kuhesabu safu wala kumwinua mtu aliyekosea. Anaona kiti kitupu, anakaa. Ndege iliyosimama ardhini haiingizi hata senti.

Ila watu wakiambiwa atakayetangulia atachagua, watapanga foleni hata saa moja kabla. Kwa miaka mingi abiria wa Southwest walikaa chini sakafuni mbele ya geti, mabegi yamepangwa mstari kuwashikia nafasi zao, jambo ambalo mtu wa kwetu aliyewahi kupanga ndoo bombani halimshangazi. Mwaka 2007 shirika likaondoa ile hali: kila abiria akapewa herufi A, B au C pamoja na namba kuanzia 1 hadi 60, akaenda kusimama kwenye nguzo iliyoandikwa namba hizo. Mwenye A1 anatangulia, mwenye C60 anaingia karibu na mwisho akikuta vimebaki viti vya katikati huko nyuma. Namba ilitegemea umejiandikisha saa ngapi kwa mtandao, na dirisha lilikuwa linafunguliwa saa 24 kabla ya ndege kuondoka. Watu waliweka kengele kwenye simu zao ili wabonyeze dakika ileile.

Mwaka 2009 likaja jambo la tatu, nalo ndilo mzazi wa kisanduku cha jirani yangu. Southwest ikaanza kuuza huduma ya kujiandikishiwa mapema: unalipa dola 10, mfumo unakuandikisha wenyewe kabla dirisha halijafunguliwa kwa wengine. Baadaye bei ikawa inapanda na kushuka kulingana na safari, na kwenye baadhi ya safari ikafika dola 99 kwa upande mmoja. Tazama vizuri kilichouzwa hapo, maana ndipo wengi walipochanganya mambo. Hakikuuzwa kiti. Haikuuzwa hata herufi A. Iliuzwa sehemu ya mbele zaidi kwenye foleni kuliko ile ambayo ungeipata bila kulipa, basi. Kama abiria wengi wa ndege ile nao wamelipa, unaweza kutoa pesa yako na ukajikuta bado kundi B.

Hapo ndipo ugomvi wa kushikiana viti ulipokolea. Mume na mke wanasafiri. Wanapiga hesabu: kwa nini tulipe wawili? Mume analipa, anapanda na kundi A, anakaa dirishani na kutandika koti kwenye kiti cha pembeni yake. Mke yuko kundi C. Katikati yao wanapita watu zaidi ya mia, wengine wao wamelipa pesa ile ile aliyolipa mume. Mmoja anasimama, anakitaka kile kiti. "Pana mtu." "Yuko wapi?" "Anakuja." Maneno yale yale ya behewa letu, tofauti ni kwamba safari hii anayeuliza ana risiti.

Kwa maoni yangu, hapo mwenye koti hana hoja. Alinunua nafasi ya mtu mmoja kwenye foleni na anataka kuitumia kwa wawili; ile ya pili haikutoka kwenye mfuko wa shirika, imetoka kwa abiria waliolipa kikamilifu. Lakini simweki kwenye kapu moja na mtu aliyeshika kiti cha katikati huko safu za nyuma, ambako anayetangulia hapaangalii. Pale hamnyang'anyi mtu kitu alichokitaka. Vivyo hivyo, kumshikia kiti mmoja aliye nyuma yako hatua ishirini si sawa na kushika safu nzima kwa ukoo. Na wale walioshika viti vya mbele kabisa, au vile vya kando ya mlango wa dharura ambavyo vina nafasi ya miguu, kwa ajili ya mtu ambaye bado yuko nje, walikuwa wanachukua kitu ambacho kila mmoja ndani ya ndege alikuwa anakiwania. Hao siwatetei.

Shirika lenyewe halikuwa na kanuni. Halikukataza kushikiana viti na halikuruhusu, likawaachia abiria wamalizane. Mhudumu akiitwa, mara nyingi aliishia kuwasihi. Hapa ndipo ninapopata uchungu. Mtu akikuuzia utaratibu, anapaswa kuusimamia utaratibu huo. Mzee wetu wa dirishani alisuluhisha bila mshahara kwa sababu hakuna aliyekuwa amemuuzia yeyote kitu cha ziada. Ukishaweka bei kwenye foleni, kisha ukawaacha watu wawili wenye risiti wanatazamana kwa hasira juu ya koti, umechukua pesa ya kitu usichokilinda.

Biashara ya viti huria imekuwa ikifungwa shirika moja baada ya jingine. easyJet ya Uingereza iliwapangia abiria wote viti kuanzia Novemba 2012, Ryanair ya Ireland ikafuata Februari 2014. Southwest ilitangaza Julai 2024 kwamba itaacha, ikieleza kuwa katika uchunguzi wake abiria 80 kati ya kila 100 walisema wanapenda kupangiwa kiti. Safari za kuanzia Januari 27, 2026 zikawa na namba za viti, na viti vyenye nafasi zaidi ya miguu vikaanza kuuzwa kwa bei yake.

Kwa hiyo koti la mume halina kazi tena, na kanga ya mama yangu nayo ingekuwa imestaafu. Kwa nini basi bado wanauza kupanda mapema? Hapa ndipo swali la jirani yangu lilipo hasa.

Jibu liko juu ya vichwa, kwenye makabati ya mizigo.

Mwaka 2008 bei ya mafuta ilipanda sana, na American Airlines ikaanza kutoza dola 15 kwa begi la kwanza linalowekwa chini ya ndege, begi ambalo zamani lilikuwa ndani ya nauli. Mashirika makubwa mengine yakafuata. Abiria akafanya ambalo hata wewe ungefanya: akaacha kukabidhi begi, akanunua lile dogo la magurudumu linaloruhusiwa ndani, akaingia nalo. Lakini makabati hayakuongezwa. Ndege ya watu 180 haina nafasi juu ya vichwa ya mabegi 180 ya magurudumu. Makabati yanajaa watu bado wanaingia, na wanaobaki wanaambiwa mabegi yao yashushwe chini. Hapo utasubiri begi mwisho wa safari, na kama ndani ulikuwa na dawa au hati, moyo unadunda njia nzima.

Ndiyo maana mtu mwenye 21E mkononi bado anakimbilia mlangoni. Kiti chake kipo. Anawahi kabati. Shirika limetoza begi la chini, likasababisha uhaba huku juu, kisha linauza njia ya kuukwepa uhaba huo. Sisemi kuna mtu alikaa mezani akapanga hayo yote tangu mwanzo, ila pesa zinaingia mara mbili kwenye jambo moja, na abiria ni haki yake ajue hivyo kabla hajabonyeza kisanduku.

Kuna sababu nyingine mbili za ada hizi kukatwa kando badala ya kuingizwa kwenye nauli. Moja utaiona ukitafuta tiketi mtandaoni: bei zinapangwa kuanzia ya chini, na shirika lenye nauli tupu linatokea juu ya lile lililojumlisha kila kitu, hata kama mwisho wa hesabu zinalingana. Nyingine ni kodi. Marekani, nauli ya ndege ya ndani inakatwa kodi ya serikali kuu ya asilimia 7.5, lakini ada ya begi haiguswi na kodi hiyo. Shilingi iliyohamishwa kutoka kwenye nauli kwenda kwenye ada ya begi inabaki nzima.

Wengi wanadhani angalau mpangilio huu wa makundi unaharakisha kupakia ndege. Hapana. Jason Steffen, mwanafizikia wa anga aliyekuwa Fermilab, maabara ya fizikia karibu na Chicago, alilifanyia hesabu jambo hili na kuchapisha majibu yake mwaka 2008, kisha akalijaribu na wenzake kwa watu 72 ndani ya kiunzi cha ndege chenye safu 12. Walipoingia kwa makundi ya safu, kama mashirika mengi yanavyopenda, ilichukua karibu dakika saba. Walipoingia shaghalabaghala, bila mpango wowote, walimaliza mapema zaidi. Njia yake Steffen, ya kuwatanguliza wa dirishani kuanzia nyuma huku wakiruka safu moja ili kila mmoja apate nafasi ya kunyanyua begi, ilichukua chini ya dakika nne.

Sababu yake unaweza kuiona kwenye mlango wa basi lolote la kwenda Tabora. Kinachochelewesha ni mtu mmoja aliyesimama kwenye njia akipambana na begi, na nyuma yake wote wamesimama. Ukiwaingiza pamoja watu wa safu zilizo jirani, wote watapambana na mabegi mahali pamoja. Na ukimtanguliza aliyelipa, anaweza kuwa wa safu ya tano, kiti cha njiani. Atainuka mara mbili kuwapisha wa katikati na wa dirishani. United, shirika jingine la Marekani, walirudisha mwaka 2023 utaratibu wa kuwaingiza wa dirishani kwanza, kisha wa katikati, kisha wa njiani, lakini wenye tiketi za juu na waliolipia kutangulia bado wanaingia kabla yao. Ufanisi unafuatwa pale ambapo hakuna wa kulipia.

Huku viti vikiwa na namba, ile adabu ya kushikiana nafasi imegeuka kuwa nyingine, nayo ni kuombana kubadilishana. Abiria aliyenunua nauli ya chini kabisa mara nyingi hachagui kiti. Anapangiwa wakati wa kujiandikisha, na familia inaweza kutawanywa safu ya 9, ya 17 na ya 26. Mama anaingia na mtoto wa miaka minne, anaanza kumwomba mtu aliyelipia kiti chake ahame. Anayeombwa anaonekana katili akikataa na mjinga akikubali kwenda kukaa katikati. Hili linaniuma kuliko yote niliyoyaandika hapa. Kumweka mtoto karibu na mzazi ni usalama, maana moshi ukijaa ndani ya ndege mzazi hatamwacha mwanawe safu kumi nyuma; atapita dhidi ya wanaokimbilia mlango. Huwezi kuliwekea bei jambo hilo kama unavyoweka bei ya soda. Agosti 2024 Wizara ya Uchukuzi ya Marekani ilipendekeza kanuni ya kuyazuia mashirika kuwatoza wazazi ili wakae na watoto wa miaka 13 na chini. Ryanair, kwa upande wake, inamtaka mtu mzima anayesafiri na mtoto wa chini ya miaka 12 anunue kiti kilichopangwa, kisha watoto wanapangiwa karibu naye bila malipo. Ni nusu ya njia. Mzazi bado analipa.

Kama utaombwa kubadilisha, kigezo changu ni kile kile cha behewani. Aliyeombwa ana haki, anayeomba ana ombi. Anayeomba anapaswa kuja na kiti kilicho sawa au bora kuliko kile anachokitaka, aombe kabla ya kukaa, na akikataliwa ashukuru. Kukaa kwanza kwenye kiti cha mtu halafu ndipo uombe ni kumtandikia kanga mgongoni. Kwa mzazi na mtoto mdogo mimi ningehama hata kwenda nyuma kabisa, lakini siwezi kumlazimisha mwingine, na lawama ningezipeleka kwa aliyewatawanya.

Hapa kwetu mambo haya yamefika nusu. Fastjet ilipoanza safari zake Tanzania mwishoni mwa Novemba 2012, iliwazoesha abiria wa Dar es Salaam, Mwanza na Kilimanjaro kulipia begi kando na nauli, kabla haijaondoka miaka sita baadaye. Ndege za Air Tanzania aina ya Q400, zenye viti 76, zina viti viwili kila upande, hakuna wa katikati wa kuonewa huruma, na boding pasi yako ina namba. Hata hivyo, nenda uwanja wetu wa ndege siku ya safari uone. Tangazo likitolewa tu, watu wote wanainuka kwa pamoja, kisha wanatembea kwa haraka kuvuka lami hadi kwenye ngazi kama vile treni inataka kuondoka.

Kwa muda mrefu niliona ni mazoea tu ya stesheni. Kisha siku moja nilikaa pembeni nikaangalia mikononi. Mmoja ana boksi la dagaa limefungwa kamba ya katani, mwingine ana mfuko wa migebuka iliyokaushwa, mwingine begi lililotuna kila pembe. Makabati ya Q400 ni madogo. Begi la magurudumu linaloingia kwenye ndege kubwa, humo haliingii. Watu wetu walikuwa wanawahi kitu kile kile wanachokiwahi Wamarekani, tena bila kuambiwa na mtu. Hakuna aliyetulipisha kwa hilo bado. Siku tukianza kulipishwa tutakuwa tumeshajua tunachonunua, na ningependa mashirika yetu yalitatue kwa kupima mizigo ya mkononi mapema kaunta, kabla hawajafikiria kuuza foleni.

Nilipomaliza kuyakusanya haya nilirudi kwa jirani yangu. Nikamweleza kwamba kisanduku kile kingemwahishia nafasi ya begi juu ya kichwa. Akacheka. "Begi langu kubwa binti kashalilipia. Ndani naingia na kipochi na dawa zangu, nitavipakata." Basi hana cha kuwahi, nikamwambia, mwambie binti asilipe.

"Lakini goti hili," akasema, akilishika. "Nikisimama kwenye foleni nusu saa litavimba. Na kutembea humo ndani watu wakinisukuma nyuma, siwezi."

Hilo nalo lina jibu, na halina bei. Kwa sheria ya Marekani, abiria mwenye ulemavu anayesema anahitaji muda zaidi au msaada wa kuingia, shirika linatakiwa kumruhusu apande kabla ya wengine. Anachotakiwa ni kusema getini. Ni jambo la kuheshimiwa, kwa hiyo asiye na shida asiliguse, lakini mwenye goti kama lake asiwe na haya. Tatizo lake lilikuwa lugha. Nikachukua kikaratasi, nikaandika kwa Kiingereza kwa herufi kubwa kwamba mguu wake unamsumbua, anaomba kupanda mapema, na kiti chake ni 21E. Nikamsomea, nikamtafsiria neno kwa neno, akanirudishia nimwongezee jina la binti na namba yake ya simu.

Akakikunja kidogo kidogo mpaka kikawa kama sarafu, akakifungia kwenye pindo la kanga, pale anapofungia nauli ya daladala.

"Na nikikuta mtu ameshakaa kwangu?"

"Muonyeshe namba, mama. Asipoelewa, mwite mhudumu."

"Nitamuuliza kwanza," akasema. "Labda ana mwenziwe anayepandia mbele."

Nikamwambia ndege haina Kazuramimba. Akasema anajua, lakini atamuuliza.